Je, Mgeni wa Hoteli Anastahili Kutangulia Foleni?

Mada iliyotolewa kwa walaji katika maadhimisho ya Siku ya Haki za Mlaji Duniani

Kila ifikapo tarehe 15 Machi tunakutana kukumbushana haki zetu sokoni. Tarehe hiyo haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Tarehe 15 Machi, 1962, Rais John F. Kennedy wa Marekani alipeleka ujumbe katika Bunge la nchi yake akitaja haki nne za mlaji: haki ya usalama, haki ya kupewa taarifa, haki ya kuchagua na haki ya kusikilizwa. Mada yetu ya leo inahusu zile mbili za katikati, yaani taarifa na uchaguzi. Tutazitazama kupitia jambo linaloweza kuonekana kuwa la anasa, nalo ni foleni za bustani za burudani.

Tumeichagua mada hii kwa sababu ya barua. Mama mmoja alituandikia kwamba yeye na mumewe waliweka akiba katika SACCOS yao kwa miaka mitatu ili wawapeleke watoto wao wawili kumtembelea mama yao mdogo anayeishi Florida, Marekani, na kuwaonyesha bustani za burudani za huko. Wakala wa safari aliwashauri wachukue hoteli ya kampuni inayomiliki bustani, ambayo bei yake ilikaribia maradufu ya hoteli za mjini, kwa maelezo kwamba wageni wa hoteli hawapangi foleni. Walipofika, hoteli ilikuwa safi na nzuri, lakini fursa waliyopewa ilikuwa ya kuingia bustanini mapema kidogo asubuhi. Baada ya hapo walipanga foleni kama kila mtu, huku wageni wa hoteli nyingine ya kampuni ileile wakipita njia ya pembeni. Mtoto wao mdogo akauliza kwa nini wale wanapita na wao wamesimama. Mama huyo alitueleza kuwa hakuwa na jibu, na akatuletea maswali mawili. Je, ni haki wale kutangulia? Na je, yeye alidanganywa?

Tutayajibu maswali hayo kwa mpangilio aliotupa.

Kinachouzwa ni nini?

Kwa wasiozifahamu, bustani hizi ni maeneo makubwa yaliyozungushiwa uzio, yenye vyombo vya burudani vya kila namna: vitreni vinavyopanda juu na kuporomoka kwa kasi, mashua zinazopita katika mapango ya kutengenezwa, na vyumba ambamo mtazamaji hujiona kana kwamba anaruka angani. Mgeni hulipa kiingilio mlangoni, kisha hupanga foleni mbele ya kila chombo. Disneyland, iliyofunguliwa California mwaka 1955, ilianza kwa utaratibu mwingine: wageni walinunua vitabu vya kuponi, na kila chombo kilikuwa na daraja la kuponi yake. Utaratibu huo ulikoma mwaka 1982, kiingilio kimoja kikawa kinatosha kwa vyombo vyote. Tangu hapo, mtu akishaingia ndani, gharama ya kupanda chombo haikuwa tena kuponi, bali muda wa kusimama.

Mwaka 1999 kampuni ya Disney ilianzisha huduma iliyoitwa FASTPASS. Mgeni alichukua karatasi kwenye mashine ikimwonyesha saa ya kurudi, na aliporudi alipita katika foleni fupi. Huduma hiyo ilikuwa bure kwa kila aliyelipa kiingilio. Baadaye, katika bustani za Walt Disney World zilizoko Florida, huduma ilihamia kwenye programu ya simu, na aliyelala katika hoteli za kampuni akaruhusiwa kuweka nafasi siku 60 kabla, wakati mwingine aliruhusiwa siku 30 kabla. Oktoba 2021 nafasi ya huduma hiyo ya bure ilichukuliwa na huduma ya kulipia, iliyoanza huko Florida kwa dola 15 kwa mtu mmoja kwa siku. Tangu Julai 2024, mgeni wa hoteli za kampuni huanza kununua nafasi siku 7 kabla, na asiyelala huko siku 3 kabla. Aidha, wageni wa hoteli zote za Disney huko Florida huingia bustanini nusu saa kabla ya umma kila siku, na wale wa hoteli za daraja la juu pekee huongezewa saa mbili za usiku katika siku maalumu.

Mshindani wake katika mji wa Orlando, yaani Universal, amekwenda mbali zaidi. Mgeni wa hoteli tatu za daraja la juu, ambazo ni Portofino Bay, Hard Rock na Royal Pacific, hupewa pasi ya Express Unlimited ndani ya bei ya chumba. Kwa pasi hiyo hupita njia ya haraka mara nyingi apendavyo, katika vyombo vinavyoshiriki utaratibu huo kwenye bustani mbili za mwanzo za kampuni. Anayelala katika hoteli za bei ya chini za kampuni hiyohiyo hapewi pasi hiyo. Yeye hupewa fursa ya kuingia mapema. Tena, ilipofunguliwa bustani mpya ya Epic Universe tarehe 22 Mei, 2025, pasi hiyo ya hoteli haikujumuisha bustani hiyo. Hata Helios Grand, hoteli ya kifahari iliyojengwa kuungana na Epic Universe yenyewe, ilifunguliwa bila kuwapa wageni wake pasi hiyo.

Tumeeleza haya kwa urefu ili jambo moja lieleweke: maneno “mgeni wa hoteli ya bustani” peke yake hayamwambii mlaji chochote cha uhakika. Chini ya maneno hayo kuna kuingia mapema, kuna kuchelewa kutoka, kuna kuwahi kununua nafasi, na kuna kuruka foleni siku nzima. Hizo ni bidhaa nne tofauti, na thamani zake zinatofautiana sana.

Hoja za wanaotetea

Wanaotetea utaratibu huu wana hoja zinazostahili kusikilizwa. Wanasema kwamba aliyelipa zaidi ameingia mkataba halali, na ahadi ni deni. Mtu akilipia chumba kwa bei kubwa kwa sababu ameahidiwa njia ya haraka, kumnyima njia hiyo kwa kuwaonea huruma wengine ni kumdhulumu yeye. Wanaongeza kwamba burudani si maji wala dawa. Hakuna anayelazimishwa kwenda bustanini, na asiyependa masharti anaweza kupeleka fedha zake kwingine. Tena wanasema kwamba watu hawafanani kwa muda walio nao. Mkazi wa Florida anaweza kurudi juma lijalo, ilhali familia iliyovuka bahari ina siku mbili tu, na huenda isirudi tena maishani.

Hatuoni sababu ya kuzibeza hoja hizi. Ofisi yetu haijapata kusema kwamba kuuza huduma bora kwa bei kubwa ni kosa. Soko lote limejengwa juu ya msingi huo.

Hoja za wanaopinga

Hata hivyo, kuna tofauti kati ya huduma bora na nafasi ya mtu mwingine. Tuchukue mfano tunaoujua. Katika boti ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar, abiria wa daraja la juu hukaa katika kiti kipana, sehemu yenye utulivu. Abiria wa daraja la kawaida hukaa katika kiti cha kawaida. Lakini boti hutia nanga kwa wote kwa wakati mmoja. Raha ya yule wa juu haikumchelewesha yule wa chini hata dakika moja. Ndivyo ilivyo pia kwa chumba kikubwa zaidi, kitanda laini zaidi au kifungua kinywa kizuri zaidi. Vitu hivyo mwenye hoteli huvitengeneza mwenyewe, kisha huviuza.

Foleni haiko hivyo. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme chombo kimoja hubeba watu 1,200 kwa saa, na mbele yako wamesimama watu 600. Kama hakuna anayetangulizwa, utasubiri nusu saa. Sasa tuseme viti 800 kati ya 1,200 vya kila saa hupewa wenye njia ya haraka. Foleni ya kawaida hubakiwa na viti 400, na wewe, ukiwa palepale uliposimama, utasubiri saa moja na nusu. Namba hizi ni za mfano tu na hazihusu bustani yoyote mahususi, lakini kanuni yake ni ile kila mahali: chombo hakikuongezewa viti. Dakika alizookoa mwenye pasi hazikutoka hotelini. Zilitoka kwa walio katika foleni ya kawaida, ambao nao walilipa kiingilio.

Hapa ndipo penye kiini cha malalamiko ya mtoto yule. Kiingilio cha familia yake hakikubadilika bei wala maandishi, ila kile kilichomo ndani yake kilipungua, kwa kuwa sehemu yake ilikwisha kuuzwa kwa mwingine.

Msimamo wetu

Baada ya kuzipima pande zote mbili, tunaona ni vyema fursa hizi zigawanywe katika makundi mawili.

Kundi la kwanza ni la muda ulioongezwa. Bustani ikifungua mlango nusu saa mapema au ikichelewa kufunga usiku kwa ajili ya wageni wa hoteli, imewapa saa ambazo vinginevyo bustani ingekuwa imefungwa. Ni kweli kwamba walioingia mapema huwahi vyombo vyenye kupendwa sana, hivyo umma ukiingia hukuta foleni imekwisha kuanza. Lakini madhara hayo ni madogo, na kampuni imeingia gharama ya kuongeza saa za kazi. Fursa ya aina hii tunaiona kuwa ni stahili ya mgeni aliyelipa, bila mashaka makubwa.

Kundi la pili ni la nafasi iliyotangulizwa. Hapo kinachouzwa kinatoka kwa mlaji mwingine moja kwa moja. Hatusemi kwamba fursa hii haiwezi kuwa halali. Tunasema kwamba aliyelipa anastahili kutangulia iwapo masharti matatu yametimizwa.

Sharti la kwanza ni uwazi kwa pande zote mbili. Si mgeni wa hoteli pekee anayepaswa kujua kwamba atapita njia ya haraka. Mnunuzi wa kiingilio cha kawaida naye anapaswa kujua, kabla hajatoa fedha zake, kwamba kuna watakaotangulizwa mbele yake. Kumwacha akaligundue hilo akiwa amesimama juani na watoto ni kumnyima haki ya taarifa.

Sharti la pili ni kiasi. Wenye kutangulizwa wakiwa wachache, foleni ya kawaida huendelea kusogea. Wakizidi, kiingilio cha kawaida hubaki kuwa kibali cha kutazama wengine wakipanda. Muuzaji anapaswa kuweka ukomo na kuuheshimu, hasa katika siku za msongamano ambapo kishawishi cha kuuza zaidi ni kikubwa.

Sharti la tatu ni kutimiza. Kilichoahidiwa kwa mgeni aliyelipa zaidi kitolewe kama kilivyoahidiwa. Kama vyombo vinavyoshiriki ni baadhi tu, au kama bustani fulani haimo, hilo lisemwe mahali palepale bei inapotajwa, na kwa maandishi yanayosomeka.

Ni vyema pia tusichanganye fursa za kununua na utaratibu uliowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu wasioweza kusimama katika foleni ya kawaida. Utaratibu huo humfikisha mtu mahali ambapo wengine wanafika kwa miguu yao. Hiyo si anasa, na haupaswi kuhesabiwa pamoja na pasi za hoteli.

Hivyo basi, jibu letu kwa swali la kwanza la mama yule ni hili: wale waliopita njia ya pembeni hawakumkosea. Walinunua walichouziwa. Mwenye wajibu wa kumpa maelezo ni muuzaji, kwa sababu ndiye aliyeuza dakika zilezile kwa watu wawili.

Je, alidanganywa?

Swali la pili liko karibu zaidi na kazi yetu. Bustani na hoteli za Florida haziko chini ya mamlaka yetu. Wakala aliyeuza safari hapa nchini yumo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Kusema “wageni wa hoteli hawapangi foleni”, ilhali fursa iliyolipiwa ni ya kuingia mapema tu, ni maelezo yanayoweza kumfikisha mlaji kwenye uamuzi ambao asingeufanya kama angeambiwa ukweli wote. Haisaidii muuzaji kujitetea kwamba maneno yake yana ukweli kwa hoteli nyingine.

Kikwazo katika barua ile kilikuwa kimoja: ahadi ilitolewa kwa mdomo. Stakabadhi ilitaja jina la hoteli, idadi ya usiku na jumla ya fedha. Haikutaja fursa yoyote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ahadi nayo ni mali. Ndiyo maana tunawaomba mzingatie yafuatayo kabla ya kulipia chumba kwa ajili ya fursa za bustani.

Kwanza, uliza fursa kwa jina lake. Usikubali maneno kama “kipaumbele” au “huduma maalumu”. Uliza kama ni kuingia mapema, na kwa dakika ngapi. Kama ni njia ya haraka, uliza ni kwa bustani zipi, vyombo vipi, mara ngapi kwa kila chombo, na kwa kila mtu aliye chumbani au kwa baadhi tu.

Pili, tenganisha bei ya chumba na bei ya fursa. Tafuta hoteli isiyo na fursa lakini yenye hadhi inayokaribiana, kisha toa bei moja kwenye nyingine. Tofauti hiyo ndiyo bei halisi ya fursa. Tuseme tofauti ni dola 300 kwa usiku mmoja, na pasi ya haraka ikinunuliwa peke yake ni dola 100 kwa mtu kwa siku. Kwa familia ya watu wanne, pasi zingegharimu dola 400 kwa siku, hivyo hoteli ina nafuu. Kwa wanandoa wawili zingegharimu dola 200, hivyo hoteli ina hasara. Hoteli ileile, siku ileile, inaweza kuwa chaguo zuri kwa mmoja na baya kwa mwingine.

Tatu, hesabu siku, usihesabu usiku pekee. Katika hoteli tatu za Universal tulizozitaja, pasi hutolewa kwa siku zote za kukaa, ikiwemo siku ya kuingia na siku ya kutoka. Mtu anayelala usiku mmoja anaweza kuitumia kwa siku mbili. Lakini akumbuke kwamba pasi si kiingilio. Kiingilio cha bustani hununuliwa kando kwa kila siku.

Nne, dai bei kamili. Tangu tarehe 12 Mei, 2025, kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani inazitaka hoteli za huko kuonyesha jumla ya bei pamoja na ada zote za lazima pale bei inapotangazwa. Kodi za serikali zinaweza kuachwa nje ya jumla hiyo hadi hatua ya malipo, kwa hiyo ziulizie. Wakala wa hapa naye ombwe jumla hiyo, si bei ya kuanzia.

Tano, tazama tarehe ya maelezo. Tumeona jinsi huduma iliyokuwa bure mwaka 1999 ilivyokuja kulipiwa mwaka 2021, na jinsi siku 60 zilivyokuja kuwa 7. Maelezo ya jamaa aliyekwenda miaka mitano iliyopita yanaweza kuwa ya kweli kwa wakati wake na yasiwe ya kweli leo. Soma masharti ya kampuni yenyewe katika juma unalolipia, na uyahifadhi.

Sita, ahadi iandikwe. Mwambie wakala aiandike fursa katika stakabadhi au katika ujumbe, kwa maneno yaleyale aliyokuambia. Wakala mwaminifu hatasita. Anayesita amekwisha kukupa jibu.

Ndugu walaji, kuna atakayesema kwamba wengi wetu hatutafika Orlando. Huenda ikawa hivyo. Lakini biashara ya kuuza utangulizi haikuzuiliwa na uzio wa bustani. Popote pale patakapokuwa na mlango mmoja na watu wengi, atatokea wa kuuza njia ya pembeni. Siku hiyo tuulize maswali yaleyale: nafasi hii imeongezwa, au imetolewa kwa mwingine? Yule mwingine ameambiwa? Na mimi ninayelipa nimeandikiwa?

Mama aliyetuandikia tulimshauri amwandikie wakala barua ya malalamiko akiambatisha stakabadhi, na atuletee nakala. Yeyote aliye na jambo la namna hiyo asikae nalo kimya, kwa maana haki ya nne ni haki ya kusikilizwa, na kazi ya kuwasikiliza ni yetu.